Ng'ombe wa Pembe Moja Ukutani Kariobangi

Mkichora twiga, wanangu, anzeni na kichwa. Nasema hili mapema kwa sababu naona wengi wenu mnaanza na miguu, kwa kuwa miguu ni rahisi, na mkifika mabegani mnagundua ukuta umekwisha. Mimi somo hilo nililipata Donholm, katika chumba cha watoto cha mama mmoja mwenye haraka. Nilichora miguu mizuri, nikachora kifua, shingo ikapanda, ikapanda, ikagonga dari, na kichwa bado sijakianza. Mama mwenyewe alikuwa njiani kutoka kazini. Nikaikunja ile shingo, nikaishusha upande wa pili hadi chini, nikamchorea twiga dimbwi la maji anywe. Mama alipoingia alisimama mlangoni akatazama kwa muda.

"Huyu anaonekana amechoka," akasema.

"Ametoka mbali," nikamwambia.

Watoto walimpenda, wakamwita Mchovu, na nasikia siku familia ilipohama walilia kwa sababu hangeweza kubebwa.

Jina langu ni Rispa Nekesa. Maisha yangu yote ya kazi nimechora kuta za Eastlands hapa Nairobi, bucha, baa, vinyozi, shule za chekechea, hata kanisa moja lililotaka bustani ya Edeni yenye ng'ombe wa maziwa. Nimestaafu kwa amri ya goti la kulia, ambalo halitaki tena kusikia habari ya ngazi. Nimechora herufi, nimechora vichwa vya watu walionyolewa vizuri kuliko mtu yeyote anavyonyolewa, lakini kazi niliyoitiwa kuliko zote ilikuwa moja tu: familia nyumbani, mbali kabisa, porini. Nyumba ya nyasi. Mama mbele ya moto. Baba anarudi na jembe au mkuki. Watoto, mbuzi, kuku, na nyuma yao msitu au nyika yenye wanyama wanaochungulia kama majirani. Mtu amezaliwa Jericho, amesoma Jericho, ameoa Jericho, lakini akifungua bucha anataka ukutani awe amezaliwa kando ya simba.

Juzi mmoja wenu, yule mwenye nywele za rangi ya hindi bichi, aliniuliza, "Shosh, hizi mambo za familia porini ulikuwa unatoa wapi, na wewe ni wa Makongeni?" Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lilikuwa refu na chai yangu ilikuwa inapoa. Jibu ndilo hili.

Nilitoa kwa baba yangu. Baba alikuwa mtu wa reli, na nyumba yetu ya Makongeni ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukinyoosha mguu unamwamsha ndugu yako. Lakini baba akianza kusimulia, kuta zile zilisogea. Alituhadithia nyumba yao kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ukingoni kabisa mwa msitu, mahali ambapo moshi wa jikoni ulichanganyika na ukungu usijue kipi ni kipi. Mama yake alipanda kukata machipukizi ya mianzi na kurudi na mzigo mgongoni. Tembo waliingia mapangoni kulamba chumvi, na mtoto ukilala ungesikia mlima unatafuna. Nyani walivamia mahindi, na kijana mmoja aliyevaa koti la mtu mzima alitumwa kuwafukuza, mikono ya koti ikipepea kiasi kwamba nyani walimwona ni ndege mkubwa. Na walikuwa na ng'ombe wa pembe moja. Pembe ya pili ilivunjikia kwenye mti siku alipomkimbiza chui. Si chui aliyemkimbiza ng'ombe, baba alisisitiza. Ng'ombe ndiye aliyemkimbiza chui.

Nilikuwa nachukua kipande cha mkaa na kuchora yote hayo kwenye sakafu ya saruji. Mama akipita na kitambaa, mlima wote unaingia kwenye ndoo.

Nilipokua nikajifunza kazi kwa fundi wa mabango aliyeitwa Odera, pale Kariobangi. Odera alikuwa na maneno machache na brashi nyingi. Alinifundisha kwamba ukuta una ngozi, na kabla ya kuupaka uupapase kwa kiganja kama unavyompapasa ng'ombe kabla ya kumkamua. Alinifundisha pia kwamba milima ya mbali huchorwa kwa rangi nyepesi inayoelekea buluu, na moshi huchorwa kwa brashi karibu kavu, kwa kuisugua tu. Nikamwuliza kwa nini moshi wake ni mzuri kuliko wangu. Akasema, "Wewe unauchora. Mimi nauacha utoke."

Baba, pamoja na hadithi zake zote, hakutaka niwe fundi wa rangi. Alitaka nikajifunze taipu, nikae kwenye kiti chenye mgongo, nivae viatu visivyo na matone. Tulibishana hadi mama akachoka kutusikiliza. Mwishowe baba akakubali nijaribu ukuta mmoja mkubwa. "Wenye ukuta wakiupenda, sitasema neno tena," akaniambia. "Wakiukataa, Jumatatu inayofuata unaenda chuo cha taipu." Nikakubali, kwa sababu nilikuwa msichana na sikujua kwamba mwenye ukuta anaweza kuwa wawili.

Walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mzee Wafula, mtu wa magharibi, aliyefanya kazi reli pamoja na baba miaka mingi kabla ya kuacha na kuingia biashara. Wa pili ni Mzee Muli, Mkamba wa Kitui, dereva mstaafu wa malori. Walikuwa mashemeji. Mke wa Wafula, Mama Syombua, alikuwa dada yake Muli, na ndiye aliyekuwa mpishi. Walikodisha nyumba moja Kariobangi wafungue hoteli ya chakula na nyama choma, wakaiita Nyumbani. Jina walikubaliana kwa haraka sana. Ugomvi ulikuja walipoutazama ule ukuta mrefu wa ndani na kuamua uchorwe nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?" Muli akauliza.

"Nyumbani ni nyumbani," Wafula akajibu.

"Ndiyo, lakini kwa nani?"

Nasikia walinuniana mpaka Mama Syombua akatishia kupika uji peke yake asubuhi, mchana na jioni. Ndipo wakaugawa ukuta. Nusu ya kushoto iwe kwao Wafula, nusu ya kulia iwe kwao Muli. Wafula akaniita mimi, mtoto wa rafiki yake. Muli akaleta fundi wake kijana, Mkamba mwenzake. Katikati ya ukuta palikuwa na kidirisha cha jikoni, kile cha kupitishia sahani, na hicho kikawa mpaka.

Kijana huyo aliitwa Kyalo. Familia yao ilikuwa ya wachonga vinyago, na alikuwa ameacha patasi akachukua brashi kwa sababu, alisema, ukikosea kwenye mti huwezi kurudisha mti. Siku ya kwanza nilipoingia nilimkuta tayari juu ya ngazi, anachora mgunga. Mkono wake ulikwenda bila kusita, matawi yakatoka yamejipinda jinsi matawi ya nchi kavu yanavyojipinda, na kila mwiba ukajua pa kukaa. Nilisimama chini nikiwa na ndoo yangu, nikahisi harufu ya chuo cha taipu.

"Unaikumbuka miti hivi, mmoja mmoja?" nikamwuliza.

"Yote," akasema bila kugeuka. "Na wewe unayoikumbuka ni ya mlimani?"

"Yote," nikasema.

Basi tukafanya kazi tumepeana mgongo, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Nilichora nyumba ya nyasi, ukungu, mama na mzigo wake wa mianzi, tembo wamejipanga mlangoni mwa pango kama watu kwenye foleni ya maji. Upande wake akachora mto wa mchanga uliokauka, mama na binti wamechimba shimo wanachota maji kwa kibuyu, baba anatundika mzinga wa nyuki, na watoto juu ya jukwaa la miti wanarushia ndege mawe wasile mtama. Ilikuwa kazi nzuri. Nilimchukia kidogo.

Siku moja Mzee Muli aliingia, akasimama nyuma ya Kyalo, akaonyesha kichaka karibu na ule mto. "Kijana, huu mti kwetu tunauitaje?"

Kyalo akabaki na brashi hewani. Rangi ikamdondokea kwenye kiatu.

"Muulize mama anayechota maji," nikasema kutoka upande wangu. "Yeye ndiye mwenyeji." Muli akacheka, akasahau swali, akaenda zake jikoni kuonja supu.

Kyalo aliposhuka ngazi alikuwa ametoka jasho. "Asante," akasema kwa sauti ya chini. "Mti ule sijui unaitwaje."

"Wewe ulitoka huko ukiwa na miaka mingapi?"

Akatazama mlango kwanza. "Sijawahi kufika. Nimezaliwa Jericho. Mambo haya yote ni ya babu, alikuwa akichonga huku anasimulia." Kisha akaniangalia kwa huzuni. "Usimwambie mzee. Wewe huwezi kuelewa, wewe ni mtu wa mlimani."

Wanangu, nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa na rangi. Nikamwambia mlima wangu uko Makongeni, nyumba ya tatu ukitoka bombani, na tembo wangu wote ni wa baba. Kyalo akacheka mpaka Mama Syombua akachungulia kidirishani kuona nani ameumia. Akaniona sketi imegeuka kijani, akaona Kyalo ameshika ngazi asianguke, akafunga kidirisha polepole. Wanawake wa jikoni huona mambo kabla hayajatokea.

Tangu siku hiyo hatukupeana mgongo tena. Kazi ikawa tamu kupita kiasi. Nikikwama, yeye ananiuliza, "Baba yako alisema nini juu ya mlango, ulitazama wapi?" Akikwama, namwuliza babu yake alisema nini juu ya mbuzi. Tukijibu wote wawili "hakusema", tunabuni. Mtoto mmoja wa upande wake nilimchorea bangili mkononi. Yeye aliniwekea tembo mdogo anayejificha nyuma ya miguu ya mama yake. Nilikuwa nafika asubuhi kabla hoteli haijafagiliwa na kujisingizia kwamba ni kwa ajili ya mwanga.

Sehemu iliyotusumbua ilikuwa pale katikati, kuzunguka kile kidirisha. Kwanza, ukuta ulio karibu na jikoni hula mafuta ya kukaangia, na rangi ikikutana na mafuta inateleza kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Uoshe kwa maji ya moto na magadi, usuuze, uache ukauke kabisa, ndipo upake. Hilo tulilijua. Lakini hatukujua mlima wa mvua na nyika kavu vinakutanaje. Upande wangu mawingu yalikuwa yamejaa. Upande wake mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Vikikutana pale kidirishani, ilionekana kama mtu amekata picha kwa kisu.

Na hapo ndipo Mzee Muli alipogundua.

Aliingia siku ambayo shemeji yake Wafula alikuwa amesafiri kwenda nyumbani kupanda. Akasimama katikati ya hoteli, akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akakirudisha kushoto.

"Kwa nini kwake kuna mvua na kwangu hakuna?"

Kyalo akajaribu kueleza kwamba ndivyo Kitui ilivyo, kwamba ukavu ndio ukweli wa picha.

"Aiya," Muli akasema taratibu. "Ukweli. Mteja akae upande wangu anywe supu akitazama kiangazi? Atahamia upande wa Wafula. Viti vyangu vitakaa tupu. Mimi pia kwetu hunyesha."

"Mzee, hunyesha mara chache."

"Basi chora siku hiyo."

Akatoka. Kyalo akakaa chini, akasema kazi yake imekwisha, kwamba hawezi kuleta mvua pale bila kufuta kila kitu. Mto wa mchanga, shimo la maji, yote yalikuwa ya kiangazi. Mimi pia niliogopa, kwa sababu ukuta ulikuwa mmoja. Kama Muli angeukataa upande wake, Baba asingeniuliza ni upande gani.

Mama Syombua alikuwa ametusikia. Akafungua kidirisha, akaegemeza viwiko vyake, mikono imejaa unga.

"Siku mvua ya kwanza inapopiga kwetu," akasema, "hakuna mtu anayekaa ndani. Mama yangu alikuwa anatoa kila chombo nje. Sufuria, kibuyu, karai, mpaka kofia ya baba. Sisi watoto tunasimama mdomo wazi. Mbuzi ndio wanaokimbilia ndani ya nyumba, wanatuachia uwanja. Na ile harufu, sijui mtaichoraje." Akafikiri kidogo. "Na baba yangu, mtu ambaye hakuwa anacheka ovyo, alikuwa anavua shati."

Kyalo akasimama kabla Mama Syombua hajamaliza.

Sikilizeni sasa, kwa sababu hili ndilo la kazi. Mvua haichorwi kwa mistari myeupe. Ukichora mistari, umechora waya. Chora mvua inavyowafanyia watu. Chora mabega yaliyopanda, nguo zilizogandamana na mgongo, udongo uliogeuka rangi, kuku aliyekonda ghafla. Kyalo hakufuta kitu. Aliacha mto wake wa mchanga, akaweka weusi wa unyevu mahali maji yanapoanza kutambaa. Yule mama wa kibuyu tulimpa uso unaotazama juu. Baba wa mzinga tukamvua shati. Tukapanga sufuria uwanjani, tukaingiza mbuzi ndani ya nyumba, mmoja anachungulia mlangoni kama mwenye nyumba. Mimi nililivuta wingu langu kutoka mlimani, likapita juu ya kidirisha, likaenda likamwagika Kitui, na mbingu mbili zikawa moja bila mtu kuona kiungo. Tulichora tukicheka, tumelowa rangi, tukitoa ulimi nje kama wale watoto. Muli alikuja akatazama, akavuta kiti, akakaa upande wake. Kisha akamwita dada yake.

"Syombua, njoo umwone baba."

Walisimama pale wawili, unga na supu, na mimi na Kyalo tukajifanya tunaosha brashi.

Mzee Wafula alirudi kutoka nyumbani siku ya ufunguzi yenyewe, na sanduku lake mkononi. Wageni walikuwa wameanza kuingia, nyama iko motoni. Mimi nilikuwa nimevaa gauni safi. Wafula akaenda moja kwa moja kwenye upande wake, akaanza kutazama kutoka kushoto. Akatazama ukungu. Akatazama tembo. Akafika kwa yule kijana wa koti kubwa, akasimama. Akafika kwa ng'ombe, akaweka sanduku chini.

"Nekesa. Nani alikuambia habari ya ng'ombe wa pembe moja?"

Niliona taipu waziwazi, hata kengele yake nikaisikia. "Ni baba, Mzee. Ni ng'ombe wao wa utotoni."

"Wao?"

"Ndiyo. Aliyemkimbiza chui."

Wafula akaugusa ukuta kwa kidole. "Huyu ng'ombe ni wetu. Aliitwa Namaua. Na huyu mwenye koti ni mimi. Koti lilikuwa la mjomba." Akanigeukia. "Baba yako yuko wapi?"

Baba alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, amevaa tai, ameandamana na mama. Wafula akamwita kwa sauti iliyonyamazisha hoteli nzima, mpaka nyama pekee ndiyo iliyosikika.

"Rafiki yangu, wewe ulizaliwa wapi?"

Baba akatazama ukuta. Akaona mlima, nyumba, nyani, pango. Akaniona mimi. Nikaona uso wake ukitafuta mlango wa kutokea na kuukosa.

"Muthurwa," akasema. "Kwenye nyumba za reli."

Mama akageuka kumtazama. Hata yeye alikuwa na miaka mingi akiamini ameolewa mlimani.

"Kwetu walihama wakati baba yangu alipoajiriwa," Baba akaendelea. "Mimi nilizaliwa pale. Dirisha letu lilitazama ukuta wa karakana. Sasa watoto wanapanda kitandani wanataka hadithi, niwape karakana?" Akamtazama Wafula. "Wewe ulikuwa unanihadithia kwenye zamu, tukilinda mabehewa. Nilikuwa na hadithi zako, nikazitumia."

"Nilikuwa nakuhadithia usisinzie," Wafula akasema.

"Sikusinzia."

Wafula alimtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena. Halafu akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikampanda polepole, mpaka akashika meza. "Umeuchukua utoto wangu wote," akasema huku machozi yakimtoka. "Umeuchukua na ng'ombe ndani. Na umeutunza kuliko mimi. Mimi lile koti nilikuwa nimelisahau."

Baba naye akashindwa kujizuia. Mama akafuata, kisha Muli, ambaye hakujua wanacheka nini lakini ilikuwa siku yake pia. Mama Syombua akafungua kidirisha atoe sahani za kwanza, na moshi wa jiko ukatoka naye, ukapanda ukutani moja kwa moja hadi kwenye wingu letu. Watu wakapiga makofi wakidhani tumepanga hivyo. Tulikubali kwamba tumepanga.

Kabla ya nyama kuisha baba aliwauliza wazee wale wawili kama ukuta wanaupenda. Muli akasema wateja wote wamekaa upande wake, anaupenda sana. Wafula akasema, "Nitaukataaje na mimi nimo ndani?" Baba akaitikia kwa kichwa, akakunja tai akaitia mfukoni. Neno taipu halikutajwa tena katika nyumba yetu.

Lakini Wafula hakuachia hapo. Alisema mtu hawezi kuwa na utoto mahali ambapo hajakanyaga. Maharagwe yalipokuwa yamefika kupaliliwa, akamchukua baba kumpeleka mlimani. Mimi nilijialika. Kyalo naye akasema anataka kuona kama tembo wake mdogo amekaa sawasawa, na hakuna aliyemkatalia, ingawa tembo hawakuwa wameonekana upande ule tangu Wafula alipokuwa na lile koti.

Mahali penyewe palikuwa padogo kuliko ukuta wetu. Msitu ulikuwa umerudi nyuma ukapanda juu, nyumba zilikuwa za mabati, na mto wa hadithi za baba uliokuwa ukinitia hofu nilipokuwa mtoto ningeuruka nikiwa na ndoo. Lakini ukungu ulikuwepo, na moshi uliingia ndani yake usijue kipi ni kipi, vilevile. Baba alitembea akisalimia vitu. Alikuwa anasema, "Lile jiwe ndilo," na Wafula anasema, "Ndilo." Alisimama mdomoni mwa pango, akavua viatu, sijui kwa nini. Mama yangu alipoambiwa baadaye, alisema amemzoea.

Dada mkubwa wa Wafula, Nasimiyu, ndiye aliyekuwa mwenye boma. Alimtazama huyu mzee wa mjini asiyemjua, aliyekuwa anamwonyesha mahali mama yake Nasimiyu mwenyewe alipokuwa akianika mtama.

"Huyu ni nani anayejua mawe yetu?" akamwuliza Wafula.

"Ni ndugu yetu. Alipotelea Nairobi."

Nasimiyu alifikiria jibu hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Kama ni ndugu," akasema, "maharagwe yanamngoja." Akampa baba jembe.

Baba hakuwa amewahi kushika jembe maishani mwake. Alilishika kama bendera ya reli. Aliingia shambani na suruali yake ya ufunguzi, akaanza, na mche wa kwanza kabisa alioung'oa ulikuwa wa haragwe. Nasimiyu akauchukua mkononi mwake, akaupanda tena, akamwonyesha gugu lilivyo. Baba akaendelea. Jasho lilimtoka, viganja vikaanza kumuuma, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, furaha ya mtoto aliyeruhusiwa kubaki nje.

Mimi na Kyalo tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa shamba tunamtazama. Kyalo alikuwa akichezea kofia yake, akiizungusha.

"Nekesa," akasema, "nina jambo la mahari ambalo sijui nalipeleka kwa nani. Kwa baba yako, au kwa Wafula ambaye utoto ni wake?"

Nilihisi kitu kinanipanda kifuani, kama kile kicheko cha Wafula. Sikutaka kimshtue, kwa hiyo nikakimeza kidogo.

"Mpelekee anayeshika jembe," nikamwambia.

"Na akikataa?"

"Hajakataa kitu leo. Hata maharagwe ameyang'oa kwa heshima."

Tukacheka mpaka Baba akainua kichwa katikati ya mistari ya maharagwe, akatuuliza kwa sauti tunacheka nini. Kyalo akavua kofia yake, akaiweka juu ya nyasi, akashuka shambani, akamwomba Nasimiyu jembe la pili.